Rodi Mbili za Shemeji

Sina hakika kama nina haki ya kuandika juu ya uvuvi. Mimi ni mwendesha foklifti kule Changamwe, na shule niliishia darasa la saba. Nilizaliwa upande wa minazi na mihogo, mbali na maji, na hata leo nikiingia baharini maji yakanifika kiunoni, huanza kukumbuka watu niliowakosea. Lakini aliyenunua rodi, zile fimbo za kuvulia samaki, ni mimi, zote mbili. Kwa hivyo kama kuna mtu awezaye kueleza vile rodi ya kuvulia ndani ya kayaki inavyochaguliwa vibaya, nadhani ni mimi.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa mvuvi wa mshipi hapa Likoni tangu ujana wake. Kisha akapooza upande mmoja. Mguu ulirudi. Ulimi ukarudi, tena ukarudi na nguvu kuliko mwanzo, ingawa huenda namwonea, maana sisi tulikuwa tumezoea ukimya wa hospitali. Mkono wa kushoto haukurudi. Kwapa linabana kitu, lakini vidole havishiki. Na mshipi unataka mikono miwili: mmoja uvute, mwingine upokee.

Akahamia kwetu, mtaa wa Shika Adabu, na wavuvi wenzake wakaanza kumletea samaki. Leo changu wawili, kesho kipande cha nguru, na kila samaki alikuja na neno lake: "Pole, mzee." Nasi tukala. Nitakuwa mwongo nikisema hatukufurahi. Jioni moja mke wangu alikuwa amepika samaki wa kupaka, nazi imekolea, tumezunguka sinia kwenye mkeka, shemeji akaurudisha mkono wake ukiwa mtupu.

"Wallahi samaki wa pole siwali tena," akasema. "Samaki nitakayemla ni yule nitakayemvua mwenyewe, nikamtoa majini mwenyewe, nikamshika kwa mkono wangu huu uliobaki."

"Kaka, usiape mbele ya chakula," mke wangu akamwambia.

"Nishaapa."

Sisi hakutukataza. Alisema wazi, "Nyinyi kuleni." Lakini utakulaje samaki wa kupaka na mgonjwa wako ameketi mbele yako anamega ugali kwa mchicha, macho ameyaelekeza darini kama mtu anayekagua mabati? Mke wangu akaacha kupika samaki. Nyumba iliyo karibu na bahari kiasi cha kusikia wimbi ikawa nyumba ya maharagwe na mbaazi. Naye shemeji akazidi kukonda, maana tangu kuzaliwa kwake chakula kisicho na samaki alikiona kama utangulizi tu.

Tulijaribu kutafuta njia ya pembeni. Mke wangu alimuuliza kuhusu dagaa, akajibu kwamba udogo wa mtu haumwondoi katika ukoo wake. Mimi nikajaribu pweza.

"Pweza si samaki, shemeji. Hana mifupa."

"Akifa kwa uzee, anafia wapi?"

"Baharini."

"Basi."

Nikawa nikitoka kazini nasimama kwa mama mmoja wa samaki wa kukaanga karibu na feri, nakula kwa siri, nanawa kwa ndimu mpaka vidole vinawasha, ndipo naenda nyumbani. Siku moja nikafika pale nikamkuta mke wangu amesimama na kipande mkononi, leso ameivuta hadi puani. Tukatazamana. Mama akauliza, "Mko pamoja?" Tukasema tuko pamoja.

Hapo ndipo wazo la kayaki lilipokuja, na hapo ndipo ninapojishuku. Je, nilitaka shemeji arudi kuwa mvuvi, au nilitaka samaki arudi nyumbani kwangu? Nimelipima jambo hili mara nyingi na mizani hailali upande mmoja. Siku nyingine ni huruma. Siku nyingine ni mchuzi.

Kayaki yenyewe ilitoka kwa binti wa shemeji, afanyaye kazi katika hoteli moja ya ufuoni Bamburi. Hoteli ilikuwa inatupa vitu vya zamani, akakiomba kile chombo: cha plastiki, rangi ya manjano, viti viwili vya kufuatana, na kiraka chini. Majirani walipokiona kimelazwa uani wakauliza tutafua nini na sabuni kubwa namna ile. Mimi niliona kitu kimoja tu. Humo mtu hasimami, haendeshi tanga, hana wa kumsukuma. Anaketi. Na akiwa na rodi badala ya mshipi mtupu, kitako cha rodi akakibana kwa kwapa la kushoto, basi mkono wa kulia unaweza kuzungusha ile mashine ya kukunjia mshipi. Mkono mmoja unatosha.

Nilipomweleza, shemeji alinisikiliza mpaka mwisho.

"Fimbo ni ya kuchungia ng'ombe," akasema. Lakini hakuapa. Nami nilikuwa nishajifunza tofauti.

Basi nikaanza kutafuta ushauri, na ushauri Likoni haulipiwi. Jirani yetu, fundi wa simu, hajawahi kuvua hata kaa, ila hutazama filamu za wavuvi wa kayaki za nchi za mbali kila jioni, na nakiri kwamba anazitazama kwa makini. Akaniambia, "Chukua futi saba, usishuke. Samaki akipita chini ya chombo, ncha ya rodi lazima iweze kuzunguka pua yake, la sivyo mshipi utasagika kwenye plastiki ukatike." Jambo hili ni kweli. Tulichokifanya na ukweli huo ndicho kilichotuponza, na hapo jirani hana kosa.

Duka la vifaa nililoelekezwa lilikuwa njia ya Bamburi. Rodi zimesimamishwa ukutani kama mikuki ya jeshi lililokwenda kunywa chai. Muuzaji alikuwa kijana mpole, anakula karanga.

"Karibu, bosi."

"Natafuta rodi ya kuvulia kwenye kayaki."

"Hii," akasema, akinyoosha mkono bila kutazama, kwenye rodi moja fupi iliyokuwa pembeni.

"Na ile pale?"

"Ile pia ni ya kayaki."

"Na hii ndefu?"

"Aa, hiyo! Hiyo ndiyo ya kayaki yenyewe."

Nikamwambia atakayeitumia ana mkono mmoja. Aliacha kutafuna, akafikiri. Nilimwona akifikiri, na ningekuwa dhalimu nikilificha hilo. "Basi hiyo ndefu," akasema. "Nyepesi sana. Ishike, utadhani hukushika kitu."

Niliishika. Kweli nilidhani sikushika kitu. Lakini nilikuwa nimesimama, na shemeji atakuwa ameketi, kwa hivyo nikaomba kiti.

"Umechoka, bosi?"

"Kwenye kayaki mtu huketi."

Akaniletea kile kiti chake kirefu cha kaunta. Nikapanda, miguu ikaning'inia, nikatikisa rodi huku na huku, na mteja aliyekuwa akichagua ndoana akahamia upande wa pili wa duka. Kutoka kule juu rodi zote zilikuwa nzuri. Nikajua kwamba sijui kitu. Muuzaji akanipa masharti: niende nikaijaribu nyumbani, isipofaa nirudishe atanibadilishia, mradi haijalowa. Kwa kweli yalikuwa masharti ya kiungwana. Nikaichukua ile ndefu.

Sasa tungeijaribuje bila kuilowesha? Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nikamwona mke wangu ameketi uani kwenye mbuzi anakuna nazi ya maharagwe, na mara nikaona: kimo cha mbuzi ndicho kimo cha kiti cha kayaki! Chini kabisa, magoti yamepanda. Nikasema, "Simama kidogo."

"Nazi yangu."

"Ni kwa ajili ya kaka yako."

Akasimama. Tukalifunga lile jino la mbuzi kwa leso, mara tatu, kwa sababu liko mahali ambapo mwanamume hataki jino liwe. Shemeji akaja, akautazama ule mtambo.

"Nimeketi katika vyombo vingi," akasema, "lakini hiki kinauma mbele." Akaketi.

Nikafunga kumbi la nazi mwisho wa mshipi badala ya ndoana, nikalipeleka mpaka ua wa jirani, nikaliweka chini. Shemeji akabana kitako kwapani, akaanza kuzungusha mashine kwa mkono wa kulia. Kumbi likaja likirukaruka vumbini, kuku wakakimbia, jirani akapiga kelele juu ya ua, "Mpe nafasi! Usimkaze! Huyo ni mkubwa!" Likafika. Mke wangu, aliyekuwa amesimama na ufagio, akainama, akaliokota, akamtia kakake mkononi. "Shika, kaka." Shemeji akalishika, akaligeuza, akasema ni jike. Tukacheka. Tukarudia. Kila mara kumbi lilikuja, kila mara mke wangu akainama akalitia mkononi mwake, kila mara tukafurahi. Mara ya mwisho jirani aliruka ua akaliokota yeye.

Rodi ikapita mtihani. Nilijiona fundi. Nilifikiri hata kumwandikia muuzaji nimweleze kuhusu mbuzi, awe nayo dukani.

Tulitoka siku ya Jumapili maji yamejaa, upande wa ndani wa mwamba, mahali pasipo wimbi. Shemeji mbele na rodi, mimi nyuma na kafi, sote tumevaa jaketi za kuokolea. Yangu nilikuwa nimeifunga mpaka napumua kwa zamu.

"Shemeji," akaniuliza bila kugeuka, "unapiga kafi au unakoroga uji?"

"Nazoea."

"Ukizoea utaniambia, nianze kuvua."

Lakini sauti ilikuwa ile ya zamani. Alikuwa anatazama maji kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu alipougua, akanielekeza kwa kidevu: huku, kule, simama. Akatupa chambo. Alitupa vibaya mara mbili, na mara ya pili chubwi, ile risasi ya kuzamishia ndoana, ilipita karibu na sikio langu ikivuma. Ya tatu ikaenda.

Samaki alikuja upesi kuliko nilivyojiandaa. Rodi ikapinda, shemeji akaegemea nyuma, kwapa limekaza, mkono wa kulia unazungusha, na akawa anazungumza na samaki kwa maneno ambayo kwa heshima ya mke wangu siyaandiki. Samaki akaenda chini ya pua ya kayaki, na ile rodi ndefu, nasema kwa haki ya jirani, ikazunguka vizuri kabisa kama alivyosema. Akatokea juu. Kolekole, mweupe, mpana kama sahani ya wageni.

Na hapo ndipo tulipojua kwamba rodi ilikuwa ya urefu usiotufaa. Samaki alikuwa ananing'inia kwenye ncha, mbali kule mbele, na mkono mzima wa shemeji ulikuwa hapa kwenye mashine. Akiiachia mashine amfuate, mkono haufiki. Akiivuta rodi nyuma kwa kiwiliwili, samaki hasimami mbele yake, anampita. Alijaribu. Aliegemea nyuma kwa nguvu zake zote, na kolekole akaruka juu ya kichwa chake akanipiga kifuani. Nilimkumbatia kwa mikono yote miwili, kama tunavyowakumbatia jamaa waliotoka Uarabuni pale uwanja wa ndege.

"Tumempata!" nikapiga kelele.

Shemeji hakugeuka.

"Nani kamshika?" akauliza.

"Alinijia kifuani."

"Sikukuuliza alikuja vipi. Nani kamshika?"

Ningeweza kumtupia mapajani haraka, nikasema yuko kwako. Nimefikiria hilo tangu siku ile. Nikasema, "Mimi."

"Basi ni wako. Hongera."

Nyumbani mke wangu alinivuta jikoni. "Ungesema ni yeye!"

"Lakini nilimshika mimi."

"Kwani mtu hawezi kushika kitu akanyamaza?"

Sijui. Huenda yeye ndiye aliyekuwa na haki. Kwa kuwa shemeji mwenyewe aliagiza, "Mpikie mvuvi wako," yule kolekole alipikwa, nami nikamla mbele ya mtu aliyemvua, yeye na maharagwe yake.

"Kitamu?" akaniuliza.

"Kitamu."

"Nilidhani."

Sijawahi kula samaki mgumu namna ile kumeza, na alikuwa laini.

Baada ya chakula nikaketi uani nikijiuliza vipi mtihani wetu ulituficha jambo kubwa hivyo. Nikamkumbuka mke wangu akiinama. Kumbi lilikuwa halijamfikia shemeji hata mara moja. Kila mara lilisimama kwenye vumbi, mbali naye kiasi cha urefu wa rodi, na kila mara mtu aliliokota akampa, kwa sababu kwetu mgonjwa hainami kuokota kitu na watu wazima wamesimama. Ingekuwa aibu. Hata jirani, ambaye hana adabu nyingi, aliruka ua kwa adabu. Tulikuwa tumeijaribu heshima yetu, na heshima yetu ilikuwa imara kabisa. Rodi hatukuijaribu.

Nilimweleza mke wangu. Akasema, "Kwa hivyo unataka nimtazame kakangu anahangaika, nami nimesimama?"

"Ndiyo."

"Hilo ni gumu kuliko kuinama."

Nilirudi dukani na ile ndefu, nikaeleza ilivyotokea. Muuzaji akaigusa.

"Hii imelowa, bosi."

"Imelowa."

Hatukubishana, ya pili ningeilipia. Nikamwomba kiti, si kile kirefu, nikaketi sakafuni kabisa, miguu mbele, na mara hii nikafunga kipande cha mshipi chenye kifundo kwenye ncha ya kila rodi, nikaibana kwapani, nikaegemea nyuma, nikatazama kama kifundo kitanifikia mapajani. Wateja sasa walikuwa wananijua. Rodi iliyofaa ilikuwa fupi, ngumu kidogo, kitako chake kinatosha kwapa na hakigongi jaketi.

"Nilikwambia hiyo," muuzaji akasema, na nikikumbuka vizuri, kweli aliniambia. Ndiyo ile ya kwanza aliyoinyooshea mkono bila kutazama.

Uani tuliijaribu tena juu ya mbuzi. Mke wangu aliweka mikono nyuma ya mgongo, akaishikanisha. Shemeji alikosa, akakosa, kumbi likamgonga kidevuni, likamtoroka. Jirani akaanza kuruka ua, mke wangu akamwambia, "Rudi kwako!" kwa sauti ambayo hata kuku walirudi. Kisha shemeji akaegemea nyuma, kumbi likatua mapajani, akaachia mashine, akalishika. Hakusema ni jike wala dume. Alisema, "Lini?"

Rodi fupi ina ubaya wake, na jirani alinikumbusha kila siku mpaka tukatoka: haitazunguka pua. Samaki akipita chini, mshipi utasagika. Nikasema basi nitakachofanya ni kukigeuza chombo chenyewe. Jirani akasema kwenye filamu hawafanyi hivyo. Sikubishana naye, huenda kwenye filamu hawana shemeji.

Asubuhi yenyewe tulikaa sana bila kitu. Jua likapanda. Chambo kililiwa na visamaki vilivyokuwa na adabu ndogo kuliko ya jirani. Nilianza kuomba kimyakimya, kisha nikajiuliza kama kuomba ni kumsaidia, nikaacha, kisha nikaendelea. Hatimaye ncha ikatikisika kidogo. Shemeji akazungusha. Kilichokuwa kule chini kikakimbilia chini ya pua, nami nikachovya kafi nikakigeuza chombo, na kwa mara ya kwanza kilinitii. Mshipi ukabaki huru. Shemeji akaegemea nyuma.

Changu akatua mapajani mwake. Alikuwa mdogo. Nitumie neno la haki: alikuwa mdogo sana, kama kiganja cha mke wangu, na mvuvi yeyote wa Likoni angemrudisha akue. Shemeji alimbana kwa magoti, akamtoa ndoana kwa vidole vya mkono wa kulia, polepole, mimi nimekalia mikono yangu ili isije ikanyooka yenyewe. Kisha akamnyanyua akamshika, akakaa hivyo. Alikuwa amenipa mgongo, kwa hivyo sijui uso wake ulikuwaje, na sitasema ninachodhani.

Mke wangu alimpaka nazi yule changu kana kwamba anampaka nguru. Aliwekwa katikati ya sinia kubwa, peke yake, na wali ukamzunguka kama ufuo. Shemeji akasema, "Karibuni," kama ada inavyotaka. Nasi tukasema, "Tumeshiba," kama ada inavyotaka, huku mate yakitujaa.

Alipomega kipande cha kwanza, kabla hajakifikisha mdomoni, roho yangu ikanisuta. Nilijua nikinyamaza nitakuja kuamka usiku.

"Shemeji," nikasema, "lazima nikwambie. Alipopita chini ya pua, nilikigeuza chombo mimi."

Mke wangu alinipiga teke pembeni ya sinia.

Shemeji aliutazama ule mnofu, akanitazama mimi. Akautia mdomoni, akatafuna, akatoa mwiba mmoja, akauweka ukingoni.

"Najua," akasema. "Na maji yalijaa yenyewe, na upepo ukatulia wenyewe. Niwakaribishe na wao?"

Akalivuta sinia upande wake.